Orodha Mkononi mwa Jirani: Mjadala wa Mwenendo wa Watoa Misaada Taita Taveta

Kanuni za mwenendo ni karatasi anayotia sahihi mfanyakazi wa shirika la hisani, awe wa mshahara au wa kujitolea, kabla ya kukabidhiwa fulana yenye nembo na kutumwa kijijini. Kiini chake ni kilekile karibu kila mahali. Kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18 ni marufuku, na kusema hukujua umri wake si utetezi. Kutoa pesa, kazi au chakula cha msaada ili upate ngono ni marufuku. Anayeshuku kwamba mwenzake anayatenda hayo ni lazima aripoti, na mkubwa wa kazi ni lazima aweke njia ya kuripoti. Kanuni hizo ziliandikwa mwaka 2002 na kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada, baada ya ripoti kuwatuhumu watoa misaada katika kambi za wakimbizi za Guinea, Liberia na Sierra Leone kwamba walidai ngono kwa wasichana waliokuja kuchukua mgao wao. Oktoba 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan alizitolea waraka uliowabana watumishi wote wa umoja huo, na tangu hapo zimeteremka hadi kwa vikundi vidogo vinavyopokea fedha za wafadhili.

Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya ni mahali pazuri pa kuzipima. Hifadhi za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka 1948, zinameza takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Mashamba ya mkonge na ranchi yamechukua sehemu nyingine kubwa ya tambarare. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wamebaki kwenye milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau, katika miji ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na kwenye vipande vya ardhi kame ambako ndovu huingia shambani mahindi yanapokomaa. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa. Katika hali hiyo mfuko wa unga, tangi la maji, fidia, basari na hata kibarua cha kuchimba mtaro hupitia mkononi mwa mtu mwenye orodha ya majina. Mtu huyo mara nyingi ni jirani, mwanakwaya mwenzako au mtoto wa shangazi.

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne. Si za watu halisi. Ni misimamo inayosikika kwenye vikao vya miradi. Mratibu ni mwanamke anayesimamia shirika la hisani lenye ofisi mjini Voi. Mama ni mjumbe wa kamati ya kugawa msaada kijijini, upande wa Kasigau. Kijana anajitolea na hana mshahara. Mzee ni mzee wa kijiji anayefanya kazi na chifu.

Nani anafungwa na kanuni

Kijana analalamika kwanza. "Mratibu, mimi silipwi. Nabeba magunia, naandika majina, narudi nyumbani na vumbi. Sasa mnataka cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi, nichukuliwe alama za vidole, nilipe zaidi ya elfu moja. Anayelipwa alipe na aapishwe. Mimi nasaidia tu."

Mratibu hapingi suala la gharama. Anasema cheti kilipiwe na shirika, kwani kumtoza mtu asiye na kipato ni kuwachuja maskini na kuwaacha wenye nafasi. Lakini hoja ya mshahara anaikataa. "Mama aliyekuja na kibuyu chake hajui nani analipwa. Anachojua ni kwamba kalamu iko kwako."

Sheria iko upande wa Mratibu. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinamtaja mtu aliye katika nafasi ya mamlaka au ya kuaminiwa anayeitumia nafasi hiyo kumvuta kingono aliye chini ya ulezi wake, na adhabu yake haipungui miaka 10. Hakiulizi kama alikuwa na hati ya mshahara. Mfano mzuri ni wahudumu wa afya ya jamii, ambao wapatao laki moja walikabidhiwa mikoba ya vifaa nchini kote kuanzia Septemba 2023 kwa marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Si waajiriwa kamili, na si wa kujitolea tu. Hata hivyo wanaingia vyumbani ambako polisi angehitaji kibali.

Cheti chenyewe kina mipaka, na hapa Kijana ana haki ya kutabasamu. Kinaonyesha aliyeingia kwenye kumbukumbu za polisi wa Kenya. Asiyewahi kushtakiwa hutoka mweupe. Hakivuki mpaka pia. Gregory Dow, Mmarekani aliyefungua makao ya watoto huko Boito, Bomet, mwaka 2008, alikuwa amekiri kosa la shambulio lenye nia ya dhuluma za kingono katika jimbo la Iowa mwaka 1996. Yeyote ambaye angeuliza kwao angelijua hilo. Alihukumiwa Marekani mwaka 2021 kifungo cha zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu wasichana aliosema anawalea. Kwa hiyo cheti kiombwe, na mgeni alete cha kwao. Lakini shirika linalodhani kwamba kwa cheti limemaliza kazi halijaianza. Mazungumzo ya simu na watu wawili waliowahi kumsimamia mwombaji huonyesha mengi kuliko muhuri.

Mapenzi ya hiari

Suala hili ndilo linalopandisha sauti. "Binti yangu," Mzee anamwambia Mratibu, "Voi hii watu wamekutana kazini wakaoana, watoto wakazaliwa. Huyu kijana ana miaka 25. Akimpenda msichana wa miaka 22 aliyekuja kuchukua unga, shirika linaingiaje?"

Kijana anaunga mkono, na si kwa ajili yake pekee. Katika kijiji kilichokumbwa na ukame, kila mtu yuko kwenye orodha. Kumkataza asiwe na uhusiano na mpokeaji yeyote ni kumwambia aende akaoe Nairobi.

Waandishi wa kanuni wenyewe waliyumba hapa. Maneno ya awali yalisema uhusiano kati ya mtoa msaada na mpokeaji haupendekezwi hata kidogo, kwa kuwa nguvu zao hazilingani. Mwaka 2019 maneno hayo yalibadilishwa, na uhusiano wowote unaotokana na matumizi mabaya ya cheo au nafasi ukapigwa marufuku. Tofauti inaonekana ndogo, lakini imehamisha swali. Zamani mtu aliulizwa kama wanapendana. Sasa anaulizwa kama mmoja wao anaweza kumwondoa mwenzake kwenye orodha.

Mama analijua swali hilo kuliko wote waliokaa. "Mwanangu, mimi sina shida na mapenzi yako. Lakini ukiwa na mtoto wa sekondari, na basari inapitia kwa mtu mmoja, neno hapana lina bei. Yule msichana atakuchekea vizuri tu. Utajuaje anacheka kwa sababu gani?"

Mashariki mwa Congo kuna ushahidi mkubwa wa maneno ya Mama. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, mashirika yalimiminika Beni na Butembo yakiwa na kazi za muda: kupika, kusafisha, kufuatilia waliokutana na wagonjwa. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021 ikitaja watuhumiwa 83 wa dhuluma za kingono, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wanawake wengi walisimulia jambo moja: waliahidiwa kazi, au kubaki kazini, kwa kulala na mwanamume aliyekuwa na uwezo wa kuajiri. Wengi hawakushikwa kwa nguvu. Kama kigezo kingekuwa hiari peke yake, sehemu kubwa ya ripoti hiyo isingeandikwa.

Kesi iliyo karibu zaidi na Voi haikutoka kwenye shirika la hisani. Wildlife Works ni kampuni ya Kimarekani inayoendesha mradi wa kaboni katika ukanda wa Kasigau, makao yake yakiwa Rukinga, karibu na Maungu. Mwaka 2011 mradi huo ulikuwa wa kwanza duniani wa kulinda misitu kupewa hati za kaboni chini ya utaratibu unaosimamiwa na shirika la Verra. Fedha za kaboni zimelipa karo, zimejenga madarasa na kuleta maji, na kampuni ikawa mmoja wa waajiri wakubwa wa eneo. Kwa mwanakijiji, hiyo na hisani ni kitu kimoja. Novemba 2023 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi na shirika la haki za binadamu la KHRC la Nairobi yalichapisha ripoti iliyodai kwamba kwa zaidi ya miaka kumi baadhi ya wanaume wenye vyeo katika mradi huo waliwadhulumu wanawake kingono, wakitumia ajira na kupandishwa cheo kama chambo. Kampuni ilisema ilikuwa imeajiri mawakili kuchunguza, kwamba uchunguzi ulithibitisha mwenendo mbaya wa watu wachache walioondolewa, na ikaomba radhi. Ilikana kwamba tabia hiyo ilikuwa imeenea. Pande hizo mbili hazikukubaliana juu ya ukubwa wa jambo.

Hata hivyo kinachofunza hakitegemei nani aliyekuwa na hesabu sahihi. Mradi uliokaguliwa mara kwa mara na wataalamu wa kupima kipenyo cha miti ulihitaji watafiti wa nje kuja kuwasikiliza wanawake waliofanya kazi humo. Mkaguzi wa kaboni huuliza habari za mbao na mkaa, na mtu hujibu anachoulizwa.

Mratibu anatoa pendekezo la kati, nalo ni la busara. Uhusiano usikatazwe kwa kijiji kizima. Ukatazwe pale mmoja anapoandika, anapothibitisha, anapopima au anapolipa kwa niaba ya mwenzake. Wakipendana, mwenye kalamu atangaze mapema kwa msimamizi na ahamishiwe kijiji kingine au kazi nyingine, bila adhabu. Akikaa kimya hadi afichuliwe, hilo ni kosa hata kama wamekwisha kuvishana pete. Mzee anaguna, lakini anakubali kwamba hata kwenye vikao vya ardhi mtu hukaa kando kesi ikiwa ya shemeji yake.

Kuhusu umri hakuna njia ya kati. Sheria ya 2006 inampa mshtakiwa nafasi finyu ya kujitetea: akionyesha kwamba mtoto alimdanganya kuwa amefika miaka 18 na kwamba alikuwa na sababu za kuamini hivyo, mahakama inaweza kumsikiliza. Kanuni za mashirika zimeufunga hata mwanya huo. Mtu anaweza kuachiliwa na mahakama ya Voi asubuhi na kufukuzwa kazi mchana, na hakuna mgongano wowote. Mahakama inaamua juu ya uhuru wake. Shirika linaamua tu kama linamwamini tena na orodha.

Mgeni mwenye kamera

Mzee ana hakika kwamba hatari hutoka nje. Ameona mabasi ya wanafunzi wa Uingereza wakija kupaka rangi madarasa, wakicheza na watoto wiki mbili na kuondoka. Historia inampa mifano. Simon Harris, Mwingereza aliyekuwa akiendesha shirika la kuleta vijana wa kujitolea Gilgil, alifungwa na mahakama ya Birmingham mwaka 2015 miaka 17 na miezi minne kwa kuwadhulumu wavulana wa mitaani. Matthew Durham, kijana kutoka Oklahoma aliyejitolea katika makao ya watoto Nairobi mwaka 2014, alihukumiwa kwao miaka 40.

"Baba, ni kweli," Mama anasema, "lakini mgeni tunamwona. Akimshika mtoto mkono kijiji kizima kinageuka. Yule wetu anamshika mtoto mkono kila siku, na hakuna anayegeuka."

Kauli hiyo inaelekeza ulinzi kwenye jambo moja rahisi, nalo ni mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, awe mgeni au mwenyeji. Kupanda gari la shirika, kupima nguo, kufundisha ziada jioni, kulala kambini: yote yawe na mtu mzima wa pili au mlango wazi. Kanuni hiyo haimtuhumu yeyote, ndiyo maana inakubalika hata kwa wanaoudhiwa na nyinginezo. Inamlinda mwalimu mwema pia.

Makao ya watoto ni jambo lenye njia yake. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, Sheria ya Watoto ya 2022 ikaweka familia mbele, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwa jamaa zao au kwa walezi. Shirika linaloleta wageni Taita Taveta "kuwatembelea yatima" linakwenda kinyume na mkondo huo, hata nia ikiwa safi kama maji ya chemchemi za Mzima.

Picha ndizo kosa la kila siku. Kijana anakiri kwamba mfadhili akikosa picha huuliza unga umeenda wapi, na picha inayompendeza zaidi ni ya mtoto mwenye makamasi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data za mtoto. Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Idhini yenyewe haina maana ikiombwa huku mfuko wa unga umeshikiliwa. Mzazi angekubali kupigwa picha akilia. Iombwe siku nyingine, na mtu mwingine, na anayekataa aone kwamba jina lake halijaguswa. Picha ikipigwa, jina la mtoto, la shule na la kijiji visiwekwe pamoja. Picha ya unga ukipakuliwa, yenye migongo ya watu, inathibitisha ugawaji kama ile nyingine.

Lalamiko liende wapi

Mashirika mengi hujibu kwa sanduku la maoni. Mbao nne, kufuli, tundu la kutupia karatasi, na mahali pake huwa ni kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Mama anacheka. "Chifu yumo kwenye kamati. Karani wake yumo kwenye kamati. Na mwandiko wangu wanaujua wote."

Hapa ndipo ukaribu wa watu, ambao husifiwa katika kila hotuba ya baraza, unapogeuka kizuizi. Mlalamikaji hamripoti mtumishi wa shirika. Anamripoti mwana wa fulani, ambaye mama yake ndiye aliyempokea mtoto wake alipozaliwa. Akishinda, amepoteza ukoo. Akishindwa, amepoteza ukoo na unga. Kwa hiyo njia ya lalamiko ni lazima iwe na mlango unaotoka nje ya kijiji, na mlango huo utangazwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kidawida, Kisagalla au Kitaveta, kila siku ya ugawaji. Nambari mbili za bure zipo tayari: 116 kwa watoto na 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Mratibu ameanza kuzichapisha kwenye kadi za mgao pamoja na nambari ya mtu wa makao makuu asiyewahi kufika kijijini. Kadi ina faida ambayo bango halina: inasomwa chumbani.

Mzee hapendi. "Kila kitu sasa ni simu ya Nairobi. Sisi tulikaa chini ya mti, tukaita koo mbili, mbuzi akatoka, ugomvi ukaisha. Mkimpeleka kijana gerezani, nani atailisha nyumba yake?"

Hoja hii isidharauliwe. Upatanisho wa wazee umemaliza magomvi mengi ya mipaka na maneno machafu, na mfanyakazi aliyemtukana mpokeaji mbele za watu anaweza kupelekwa chini ya mti akaombe radhi, na ikawa bora kuliko barua ya onyo. Katika dhuluma dhidi ya mtoto, hata hivyo, mbuzi hulipwa kwa baba na aliyeumizwa ni binti. Sheria ya 2006 nayo imewavua wazee uwezo huo. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini amewekewa kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Kifungo cha 40 cha sheria hiyohiyo kinauacha uamuzi wa kusitisha kesi kwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Familia haina la kusamehe kwa niaba ya serikali.

Zaidi ya sheria kuna saa. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema ni bora. Kikao cha koo mbili hakijawahi kumalizika kwa siku tatu. Kutoka Bungule hadi hospitali ya Moi mjini Voi ni mwendo mrefu wa barabara ya vumbi, na magari si mengi. Ndiyo maana Mratibu anataka kila mradi uwe na pesa kidogo za nauli zinazotolewa bila kuuliza maswali, na jina la dereva anayepatikana usiku. Nguo alizovaa mtoto zisifuliwe. Zifungwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki huozesha ushahidi. Matibabu yaanze hata kabla ya kufika polisi. Fomu ya P3 ya polisi itafuata.

Anayeambiwa jambo na mtoto ana kazi ndogo kuliko anavyodhani, na wengi huiharibu kwa kuifanya kubwa. Amsikilize. Asimwahidi kwamba hatamwambia mtu, maana atalazimika kusema. Aandike maneno ya mtoto jinsi yalivyotoka. Asimwite mtuhumiwa kumhoji, asimwombe mtoto arudie hadithi mbele ya kamati. Siku hiyohiyo amfikishie habari msimamizi aliyepewa kazi hiyo, na afisa wa watoto au dawati la jinsia la polisi wachukue uchunguzi. Kijana anauliza iweje msimamizi mwenyewe akiwa ndiye mtuhumiwa. Jibu ni lile la kadi: ruka juu yake. Shirika lenye mlango mmoja tu wa kuripoti limeshachagua nani hatashtakiwa.

Haki ya anayetajwa

Kijana amekuwa na hofu tangu mwanzo, na sasa anaitoa. Nimemnyima mtu mfuko wa pili, anasema, akasema nimemshika mkono, nitajiteteaje?

Katiba, katika ibara ya 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungo cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mwenzake aliyemchagua, kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia udhalilishaji wa kingono. Lakini Kijana hana mkataba wa ajira, kwa hiyo kifungo cha 41 kinampita kando. Mashirika mengi huutumia upungufu huo kumwacha mjitoleaji kimyakimya: haitwi tena kwenye ugawaji, na kijiji kinajaza sababu chenyewe. Huo ni uonevu kwa asiye na kosa na zawadi kwa mwenye kosa, ambaye anahamia kwingine bila doa. Barua ya kujitolea iandike haki zilezile: kuelezwa, kusikilizwa na kujibiwa kwa maandishi. Kusimamishwa wakati wa uchunguzi kusitangazwe kuwa hukumu, na majina yabaki kwa wachache wanaolazimika kuyajua.

Mama anaongeza jambo ambalo wanasheria hulisahau. Orodha ikisomwa hadharani mbele ya watu wote, na sababu ya mtu kuingia au kuachwa ikitajwa, mtu aliyenyimwa mfuko wa pili hana haja ya kutunga kisa. Uwazi wa mgao humlinda mwenye kalamu kuliko wakili.

Barua ya mapendekezo

Mwaka 2011 mkuu wa ofisi ya Oxfam nchini Haiti aliruhusiwa kujiuzulu baada ya uchunguzi wa ndani kuhusu wafanyakazi waliolipia ngono. Muda si mrefu alikuwa anaongoza kazi za shirika jingine Bangladesh. Habari hizo zilifika magazetini Februari 2018. Tangu 2019 upo mpango wa hiari ambao mashirika yaliyojiunga huulizana moja kwa moja kama mwombaji aliwahi kupatikana na kosa la kingono, na hujibu.

Kenya ina kikwazo chake. Kifungo cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kutoa cheti cha utumishi chenye jina, kazi na tarehe. Barua ya kueleza tabia halazimiki kuitoa. Mratibu anakiri kwamba ni rahisi kuandika tarehe na kunyamaza, kwani neno moja lisilothibitishwa linaweza kuzaa kesi ya kumharibia mtu jina. Hivyo aliyeondolewa Taveta huibukia Voi akiwa na fulana ya rangi nyingine. Dawa ya kisheria ipo: fomu ya kuomba kazi iwe na sahihi ya mwombaji inayoruhusu mwajiri wa zamani kueleza matokeo ya nidhamu yaliyothibitishwa, na anayekataa kutia sahihi aulizwe kwa nini. Uchunguzi ukianza ukamilishwe hata mtu akijiuzulu katikati, ili kuwe na matokeo ya kueleza.

Haya yote yanadhani kuna ofisi, mafaili na mtu wa rasilimali watu. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kusubiri zaidi ya miaka kumi, inayagusa mashirika yaliyosajiliwa chini yake. Vikundi vya akina mama na vya vijana, ambavyo ndivyo vinavyogawa sehemu kubwa ya msaada mashinani, husajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 na havina hata meza. Mama anamuuliza Mratibu kikundi chake cha watu 18 kianzie wapi. Mratibu hatoi kitabu. Anataja watu wawili wa kushika orodha wasiotoka nyumba moja, majina kusomwa kwa sauti, nambari za simu kwenye kadi, na mjumbe mmoja mwanamke wa kupokea malalamiko ambaye hagawi chochote. "Na nauli ya usiku?" Mama anauliza. Mratibu anasema ataiandika kwenye bajeti ya robo ijayo, na Mama anamwomba aiandike sasa, wakiwa wote wamekaa.